Weupe wa Saa Moja Usiku

Saa saba mchana ua jeupe la pwani halina nguvu. Jua liko utosini, ukuta wa chokaa unawaka, mchanga wa uani unawaka, na ua nalo limepotea ndani ya mwanga huo huo. Mtu anayekwenda kitaluni saa hizo kutafuta mmea wa kutambaa wenye maua meupe, akasimama mbele ya viriba na kuulizia ule wenye maua makubwa kuliko yote, amekwisha kosea kabla hajatoa pesa. Wanaoijua kazi hii huchagua kwa saa. Hujiuliza kwanza watakaa uani wakati gani, na kwa wengi wetu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam jibu ni moja: baada ya magharibi, joto limepungua na mkeka umetandikwa barazani. Mmea unaotakiwa, basi, ni ule unaoamka wakati huo.

Sababu moja imo ndani ya jicho lenyewe. Mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kututoka. Jambo hilo lilielezwa mwanzoni mwa karne ya 19 na mtaalamu wa Bohemia, Jan Purkyně, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Bogenvilia nyekundu iliyotawala ukuta mchana kutwa hugeuka doa jeusi kwa dakika chache, kwani huku karibu na ikweta machweo hayakawii. Ua jeupe hubaki likionekana. Sababu ya pili ni mgeni linayemngoja. Mimea mingi ya kutambaa yenye maua meupe na harufu kali huchavushwa na nondo. Nondo huruka gizani na wekundu haumfai kitu. Anataka kitu cheupe kinachopokea mwanga mdogo uliopo, na harufu ya kumwita kutoka mbali. Ndiyo maana harufu hiyo hufunguka jioni. Mmea hauna haja ya kuimwaga mchana wakati mgeni wake amelala.

Kwa hiyo pua huchagua kabla ya jicho, na anayechagua kwa pua sharti aujue upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea miezi mingi. Mmea ukipandwa upande unakotoka upepo, harufu huingia nyumbani. Ukipandwa upande wa pili, jirani ndiye anayefaidi. Lakini kusi hiyo hiyo ikiwa kali huchana majani, huangusha vitumba na, karibu na bahari, huleta chumvi. Hapa ndipo ninapowastahi mafundi wa bustani. Hawaukimbii upepo wala hawaujengei ukuta, kwa sababu upepo unaogonga ukuta mzima huruka juu na kuanguka upande wa pili kwa fujo. Wanapanda wigo wenye matundu, wa michongoma au wa fito, upepo uchujwe na kupita ukiwa umepungua makali. Nyuma ya wigo huo, hatua chache tu, ndipo mmea wa harufu unapokaa. Ukipita njiani hutaona chochote cha ajabu, na usiku utakapokaa barazani hutajua kwa nini harufu inakufikia pale ulipo.

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra kuulizwa kitaluni: ua linakufaje? Ua jekundu huficha kunyauka kwake, jeupe haliwezi. Petali nyeupe haina rangi ndani yake. Weupe wake unatokana na nafasi ndogo za hewa zilizo kati ya seli, ambazo hutawanya mwanga kila upande. Finya petali moja kati ya vidole, hewa itoke, na papo hapo weupe unaondoka. Kinabaki kijitando kinachopitisha mwanga, na baada ya muda mfupi kinakuwa cha kahawia. Mvua kubwa ya masika hufanya kazi ile ile ya vidole. Basi fundi hutaka kujua ua likishamaliza siku yake litafanya nini: litadondoka lenyewe, litajikunja, au litang'ang'ania tawini limeoza na kuharibu sura ya wenzake wanaofunguka? Yanayodondoka hupewa nafasi ya mbele, kando ya mlango. Yanayong'ang'ania hupandwa mbali au hayapandwi. Nimekataa mimea mizuri sana kwa kigezo hiki kimoja.

Na ukuta wa nyuma pia huchaguliwa. Maua meupe juu ya ukuta uliopakwa chokaa jana hayaonekani hata jioni; yanataka kitu cheusi nyuma yake. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, ambao chokaa yake imedondoka na kuvu imeutia weusi, ni bora kuliko ukuta wowote mpya. Mwembe mzee ni bora zaidi. Pasipo na kimoja kati ya hivyo, chagua mmea ambao majani yake yenyewe ni mazito na ya kijani kilichokolea, ujitengenezee giza lake.

Asumini ya nyumbani, Jasminum sambac kwa jina la kitaalamu, inayo majani ya namna hiyo. Asili yake ni Asia ya Kusini, na Bahari ya Hindi yote inaijua. Ufilipino iliifanya kuwa ua la taifa mwaka 1934. Lakini tukisema kweli, haitambai sawasawa. Haina vikono vya kushikia, na shina lake halijisokoti vya kutosha kujibeba. Hurefuka, huegemea, na ikikosa pa kuegemea huanguka na kuwa kichaka. Asumini unayoiona imefunika mlango, kutambaa kwake kote ni kazi ya mkono wa mtu.

Mkono mmoja wa namna hiyo niliutazama Tanga, wa bibi ambaye asumini yake imezunguka mlango wa uani pande zote mbili na kukutana juu. Nilimkuta akiipogoa, na alikuwa akikata matawi ambayo kwangu mimi yalikuwa hayana kosa: ya kijani, yenye afya, yaliyotoka kuchanua. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza mbona anayakata.

"Asumini hairudii tawi, mwanangu," akasema. "Ukitaka ua jipya, kwanza uitafutie tawi jipya."

Ndivyo ilivyo. Maua ya asumini hutoka kwenye ncha za matawi machanga, na tawi lililokwisha chanua likiachwa hurefuka tu na kuzaa majani. Yeye hungoja wimbi la maua lipite, kisha hukata kila tawi juu kidogo ya jozi ya majani, kwa sababu kwenye kwapa za jozi hiyo ndipo vichipukizi viwili vitatoka badala ya kimoja. Ndani ya kichaka huondoa vijiti vikavu ili hewa ipite. Kisha humwagia samadi iliyooza na maji mengi. Wiki kadhaa baadaye wimbi jingine linakuja. Mwaka ukiisha, mmea ambao ungechanua mara chache umechanua mara nyingi, na hata umbo lake la tao juu ya mlango halikuchorwa na mtu. Limetokana na mikato hiyo midogo iliyorudiwa tena na tena mahali panapostahili.

Uchumaji nao una elimu yake. Vitumba huchumwa alasiri, kabla havijafunguka. Kilicho kijani bado. Kilichokwisha kuwa cheupe chote na kuvimba kidogo nchani kitafunguka usiku huo huo, hata kikiwa juu ya sahani. Bibi hukishika kwenye kikonyo, si kwenye petali, akakipinda kidogo kando, kikaachia chenyewe. Yeye hajasoma habari za nafasi za hewa ndani ya petali, lakini vidole vyake vinajua. Vingine hutungwa uzi, vingine huingia kwenye kikuba pamoja na mrehani na vipande vya mkadi. Na kila siku huacha vingi mtini, kwa ajili ya nyumba.

Asumini zenyewe ni namna kadhaa. Iko ya safu moja ya petali, iko ya safu mbili, na iko ile nzito iliyojikunja petali tele, inayojulikana kwa jina la Grand Duke of Tuscany. Hiyo ya mwisho ni nzuri mkononi, lakini matawi yake ni magumu kuyaongoza, na petali zake nyingi hushika maji ya mvua zikaoza zikiwa bado mtini. Kwa mlango nachagua ile ya safu moja. Ina wepesi, hudondoka mapema, na asubuhi hufagiwa. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na humo asumini huona shida kupata madini ya chuma: majani hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa ni shimo kubwa lililojazwa mboji na samadi, au jungu la udongo, na matandazo juu yake yasiyokauka.

Ndugu yake wa porini ni mwafu, asumini ya msituni na vichakani. Mmoja wa jamii hii, mwenye majani ya vipande vitatu vitatu na vitunda vyeusi, ni mzaliwa wa Afrika, lakini wataalamu wanauita Jasminum fluminense, maana yake wa Rio de Janeiro. Ulikuwa umevuka bahari na kumea Brazili kabla mtaalamu wa huko, José Vellozo, hajaupa jina, naye akauhesabu kuwa wa kwao. Huo hutambaa kwelikweli, hauhitaji kubembelezwa na huvumilia kiangazi. Huko Florida umekuwa gugu linalofunika miti, kwa sababu ndege hula vitunda na kusambaza mbegu. Hapa ni kwao, na mwenye uzio wa waya unaomkera macho hatapata mmea wa kuaminika zaidi.

Kwa anayetaka kuona kufunguka kwenyewe, liko ua la mwezi, Ipomoea alba, ndugu wa kiazi kitamu. Kitumba chake ni kirefu na kimejisokota. Jua likishazama huanza kutikisika, mkunjo mmoja unalegea, na ghafla ua linafunguka mbele ya macho yako, kwa dakika moja au mbili tu: duara pana kuliko kiganja, lenye mistari mitano ya kijani hafifu iliyoachwa na mikunjo. Asubuhi limejikunja lenyewe na kazi yake imekwisha. Kwa kigezo cha kufa vizuri sijui linaloshinda hili. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ambako wakazi wa kale wa Meksiko walichanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mti wa mpira ili kupata mipira inayodunda. Mbegu zake ni ngumu. Zikwaruze kwa msasa na kuziloweka usiku kucha kabla ya kupanda. Ni sumu, kwa hiyo ziwekwe mbali na watoto, na maganda yake yachumwe kabla hayajapasuka, maana mmea huu ukipata nafasi hauombi ruhusa.

Ua la mwezi hujisokota, na mmea wa kujisokota una upande wake. Charles Darwin, akiwa mgonjwa nyumbani, aliketi na mimea ya kutambaa chumbani mwake akiangalia ncha zake zinavyozunguka hewani kutafuta pa kushika; mwaka 1865 alichapisha aliyoyaona. Ncha ya mmea wa hopsi, ule unaotiwa kwenye bia, ilimaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa mbili na dakika nane kwa wastani siku za joto. Mimea mingi mno ya kujisokota huzunguka upande mmoja: ukiitazama kutoka juu, inapanda kinyume cha mishale ya saa. Fundi anajua hili bila Darwin. Akitaka kusaidia chipukizi lishike fito, hulizungusha upande wake. Ukilizungusha upande usio wake litatii mbele yako, na kesho utalikuta limejifungua na kuning'inia.

Fito nazo huchaguliwa kwa mmea. Kinachojisokota kinataka kitu chembamba, mwanzi au kamba. Nguzo nene hakiwezi kuizunguka. Kinachoegemea kinataka chanja ya kulalia. Waya wa chuma kwenye jua la pwani hupata moto na kuunguza vichipukizi laini, kwa hiyo huvikwa kamba au huachwa. Na cha kufungia, sijaona kinachozidi kamba ya katani, ya mkonge ule ule ulioletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Hufungwa kwa kitanzi cha umbo la nane, tundu moja la shina na moja la fito, shina lisisuguliwe. Nailoni hudumu, na kudumu kwake ndiko kunakoua: shina linanenepa, nailoni hailegei, tawi linanyongwa. Katani huoza baada ya misimu michache. Wakati huo shina limekomaa, na kama bado linahitaji kamba, linapata mpya iliyo na nafasi zaidi.

Stefanotisi, wa Madagaska, mwenye maua mazito ya nta yanayowekwa kwenye mashada ya maharusi, anafaa mahali penye mizizi kivulini na kichwa juani. Hukua taratibu. Akiwa chunguni hapendi kuhamishwa-hamishwa akiwa na vitumba, huviangusha vyote. Mpe mahali pake umwache hapo.

Bogenvilia nyeupe wengi huipenda, na kwa ukame na upepo wa chumvi haina mpinzani. Ila kinachoonekana cheupe si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli kidogo katikati. Haina harufu, na majani hayo meupe hukauka mtini yakawa ya kahawia. Ni mmea wa mchana, nami huupa ukuta wa mbali. Kuna pia mmea unaowachanganya wanunuzi, Combretum indicum, unaopandwa sana mijini: jioni ya kwanza ua lake ni jeupe kwa ajili ya nondo, kisha huwa la waridi, kisha jekundu kwa ajili ya wageni wa mchana. Ukiununua kwa kuona ua moja jeupe jioni, ndani ya siku chache utakuwa na ukuta mwekundu. Ni mmea mzuri wenye kazi yake mwenyewe, lakini si wa bustani nyeupe.

Nyanda za juu mambo hubadilika. Lushoto, Arusha au Limuru usiku una baridi, na baridi hiyo ndiyo inayotakiwa na asumini ya China, Jasminum polyanthum, ili itoe vitumba. Pwani mmea huo hutoa majani matupu, hata ukiulisha namna gani. Huko juu pia hustawi waridi wa kutambaa, na hapo upo ufundi ambao nauheshimu kuliko wote. Waridi Iceberg ulitolewa na familia ya Kordes ya Ujerumani mwaka 1958, na namna yake ya kutambaa ikafuata mwaka 1968. Tawi lake likiachwa lisimame wima, ncha hutoa homoni inayoteremka na kuvizuia vichipukizi vya pembeni, hivyo maua hukaa juu tu. Fundi hulilaza tawi likiwa bado changa, taratibu, siku baada ya siku, mpaka liwe sambamba na ardhi. Sasa ncha haina amri tena. Kila jicho kwenye urefu wa tawi linaamka, na ukuta unajaa kuanzia magotini. Ukiliharakisha linavunjika, ukilichelewesha limekuwa mti.

Bustani nyeupe iliyovuma kuliko zote duniani ina waridi juu ya kiunzi katikati yake: ni ya Sissinghurst, huko Kent, Uingereza, kazi ya mwandishi Vita Sackville-West kuanzia karibu mwaka 1950. Yeye naye aliiwazia jioni, hata akamfikiria bundi akipita juu ya maua wakati wa machweo. Waridi ule, Rosa mulliganii, huchanua mara moja kwa mwaka, wiki chache za kiangazi cha huko. Watu husafiri kuuona. Mimi naona anayeishi Limuru ana bahati kubwa zaidi, maana klematisi ya kwetu, Clematis brachiata, iko kwenye ua wa barabarani bila kupandwa na mtu. Hushika kwa vikonyo vya majani yake, huchanua maua madogo meupe yaliyojaa, na maua yakiisha mbegu huota nyuzi laini, mmea ukawa mweupe kwa mara ya pili.

Na mwenye shamba au kiwanja kikubwa pwani asiusahau mbungo, Saba comorensis. Unguja na Pemba kila mtu anaijua sharubati ya bungo. Walioutazama mmea wenyewe ukichanua ni wachache. Maua yake ni meupe, yenye koo la njano na harufu nzuri, na hupanda hadi kileleni mwa miti mirefu. Behewa la nyumba haliutoshi. Unataka mti mkubwa wa kuubeba na mtu asiye na haraka. Mbegu zake zipandwe zikiwa mbichi, mara tu baada ya tunda kuliwa.

Atakayetaka kuchanganya mimea hii mahali pamoja apange kwa mwendo wao. Mbungo na stefanotisi vitangulie mvua za masika zikianza, asumini ifuate, na ua la mwezi lipandwe mwisho kabisa, vuli, wenzake wakiwa wamekwisha shika, kwa sababu likianza pamoja nao litawafunika wote kabla ya Ramadhani nyingine.